Sentensi Inayobeba Bei

Tarehe 7 Oktoba 2010, katika jumba la mnada la Christie's jijini London, kofia ya mpanda farasi wa jeshi la Kirumi iliuzwa kwa pauni 2,281,250. Ilikuwa imeokotwa Mei mwaka huohuo na mtu aliyekuwa akipitisha ditekta ya metali kwenye shamba la malisho karibu na kijiji cha Crosby Garrett, mkoani Cumbria, kaskazini mwa Uingereza. Makisio yaliyochapishwa katika orodha ya mnada yalikuwa kati ya pauni 200,000 na 300,000. Mengi yameandikwa kuhusu pengo kati ya makisio hayo na bei iliyopatikana. Nataka nisome maandishi yenyewe, yaani maelezo ya fungu la mnada, kwa jicho tunalolisomea shairi au hadithi fupi. Naamini maelezo hayo ni utanzu kamili wa uandishi, wenye muundo wake, mtindo wake, wahusika wake na mandhari yake. Naamini pia kwamba kitu kilichotoka ardhini hupata au hupoteza thamani kwa kadiri utanzu huo ulivyoandikwa, na hasa kwa sentensi moja ambayo waandishi wake huielekea kwa kusitasita.

Kichwa cha fungu hilo kilianza na jina, Kofia ya Crosby Garrett, kikafuatiwa na maelezo mafupi: kofia ya gwaride ya mpanda farasi wa Kirumi, ya bronzi, mwisho wa karne ya 1 hadi karne ya 2 baada ya Kristo. Kichwa hicho hakina kitenzi hata kimoja. Nomino zimepangwa, kila moja ikiikaza iliyotangulia, na tendo limeondolewa. Matokeo yake ni kwamba kofia haikufuliwa na fundi, haikuvaliwa, haikufukiwa wala kuokotwa. Ipo tu, imetulia nje ya wakati, ikimngoja mtu wa kuitazama. Huu ni mtindo wa makusudi. Muuzaji wa kitu cha kale anataka mnunuzi akione kitu kikiwa kamili, na kitenzi chochote kingeleta maswali: nani, lini, wapi, kwa nini.

Kila neno katika kichwa hicho lina kazi, na kazi ya jina ndiyo ya kwanza. Crosby Garrett ni kijiji kidogo cha wafugaji. Kwa kukifanya kijiji kuwa jina la kofia, mwandishi aliiingiza katika ukoo kabla hajaandika neno lolote la ushahidi, maana kofia nyingine mbili zenye barakoa ya uso ambazo Uingereza na Uskoti zinajivunia zinaitwa hivyohivyo, kwa majina ya mahali: ile ya Ribchester, iliyopatikana mwaka 1796 na sasa ipo British Museum, na ile ya Newstead, iliyoko Edinburgh. Kitu chenye jina huuzwa ghali kuliko kitu chenye maelezo tu, na mwandishi wa orodha analijua hilo.

Kisha neno gwaride. Kofia za namna hii zilivaliwa katika michezo ya wapanda farasi, maonyesho ya ustadi ambayo Arrian, ofisa na mwandishi wa Kirumi, aliyaeleza karibu mwaka 136. Neno hilo linaitoa kofia vitani na kuipeleka uwanjani, kwenye rangi na sherehe. Uso wa barakoa ni wa kijana asiye na ndevu, nywele zimesokotwa vizuri, na juu ya kofia ya mtindo wa Kifrigia ameketi grifini, mnyama wa hadithi mwenye mwili wa simba na mabawa ya ndege. Barakoa ilikuwa imepakwa metali nyeupe ing'ae kama fedha. Hakuna kosa katika neno gwaride. Lakini linafanya kazi ya kiuchumi pia, kwa sababu mkusanyaji hununua uzuri kwa moyo mwepesi kuliko anavyonunua silaha.

Neno bronzi ndilo ninalolipenda zaidi katika kichwa kizima, na ni neno ambalo msomaji wa haraka hulipita. Kwa sikio la kawaida linataja malighafi. Kwa sikio la sheria linataja ruhusa. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, inayotumika Uingereza, Wales na Ireland ya Kaskazini, ilikuwa imejengwa juu ya dhahabu na fedha. Kitu kimoja kisicho sarafu, chenye umri wa miaka 300 au zaidi, kilihesabiwa hazina iwapo walau asilimia 10 ya uzito wake ni metali hizo za thamani. Kofia moja ya Kirumi ya mchanganyiko wa shaba ilibaki nje. Ingekuwa ya fedha, isingefika Christie's kwanza. Ingepitia kwa ofisa wa serikali anayechunguza hazina, kisha kwenye kamati ya kuthamini, na makumbusho yangepewa nafasi ya kuinunua. Kwa hiyo neno moja linaloonekana kutaja malighafi ya kofia tu ndilo sababu ya ukurasa mzima kuwepo. Sijui riwaya nyingi ambazo neno moja la ukurasa wa kwanza lina uzito wa namna hiyo.

Tarehe nayo inastahili kusomwa polepole, kwa sababu hapo ndipo kichwa kinapoanza kunyamaza. Mwisho wa karne ya 1 hadi karne ya 2 ni tarehe ya kutengenezwa. Wanaakiolojia walipolichunguza shamba lile baadaye, walikuta makazi ya wenyeji wa zama za utawala wa Kirumi, na dalili kwamba kofia ilikuwa imewekwa ndani ya kitu kilichojengwa kwa mawe na mikono ya watu. Sarafu mbili za Kirumi zilizopatikana hapo ni za miaka ya 330 hadi 337. Basi huenda kofia ilikuwa na umri wa karne nzima au zaidi ilipofukiwa, ikiwa mali ya kurithiwa, mikononi mwa watu ambao pengine hawakuwa askari kabisa, mbali na uwanja wowote wa gwaride. Hiyo ni hadithi kubwa kuliko ile ya kichwa. Iliwezekana kusimuliwa kwa sababu mahali palijulikana, na iliandikwa baada ya nyundo kupigwa, mahali pengine, na watu wengine.

Kuna uandishi mwingine uliotangulia ule wa karatasi, nao ni ukarabati. Kofia ilitoka ardhini ikiwa imekunjwa na kuvunjika, vipande vikubwa 33 na vidogo 34. Christie's walivikabidhi kwa fundi aliyeviunganisha, akaziba mapengo na kuirudishia kofia uso wake. Matokeo ni mazuri kweli. Lakini wanaakiolojia walisikitika kwamba kazi hiyo ilifanyika kabla ya vipande kuchunguzwa kwa ukamilifu, na nawaunga mkono. Mkunjo ni ushahidi. Mahali kipande kilipolalia kingine ni ushahidi. Ukikunjua kofia ili ipigwe picha, umefuta sura ya mwisho ya maisha yake ili usomeke ukurasa wa kwanza. Umbo la maelezo ya fungu ndilo lililodai hivyo. Utanzu usio na vitenzi unahitaji kitu kisicho na makunyanzi.

Makisio ndiyo taharuki ya utanzu huu. Takwimu mbili, ya chini na ya juu, zimewekwa mwishoni mwa maelezo, na msomaji hufika hapo akiwa ameshavutwa. Wauzaji wapya wa vitu vya ditekta mara nyingi hufikiri makisio ni thamani. Makisio ni kauli ya kualika. Yakiwekwa juu, wanunuzi hukaa kimya na fungu hurudi nyumbani na doa, maana wafuatiliaji wa soko hukumbuka kilichoshindwa kuuzwa. Yakiwekwa chini, watu wengi huinua mikono mapema, na baadaye ushindani hujilisha wenyewe. Makumbusho ya Tullie House ya Carlisle, yaliyotaka kofia ibaki Cumbria, yalifika hadi pauni milioni 1.7, yakishindana na watu ambao makisio yalikuwa yamewaambia kwamba laki tatu zingetosha.

Hata ile bei mashuhuri ni sentensi yenye tabaka. Nyundo ilipigwa kwenye pauni 2,000,000. Zile 281,250 ni ada ya mnunuzi, iliyokokotolewa kwa ngazi: asilimia 25 ya pauni 25,000 za kwanza, asilimia 20 hadi kufika 500,000, na asilimia 12 ya kinachobaki. Ada hiyo ni ya jumba la mnada. Muuzaji hulipwa kutokana na bei ya nyundo, ikiwa imetolewa kamisheni yake, na kwa desturi ya Uingereza kiasi hicho hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mwokotaji na mwenye ardhi, kwa makubaliano ambayo ni busara kuyaandika kabla ditekta haijawashwa. Anayelinganisha kitu chake na kitu kilichouzwa mwaka jana ahakikishe kwanza ni bei ipi anayoisoma.

Wahusika wako wapi? Mnunuzi hakutajwa. Mwokotaji hakutajwa. Mwenye shamba hakutajwa. Kuwaficha kuna sababu nzuri, kwani jina likitoka, wezi wa usiku huja shambani na ditekta zao. Hilo silipingi. Ninachokipinga ni pale kauli isiyotaja mtenda, ile ya imeokotwa, imepatikana, imetoka kwenye mkusanyiko wa zamani, inapotumika kuficha mahali pamoja na mtu. Jina la mtu linaweza kufichwa bila elimu kupotea. Mahali pakifichwa, karibu kila kitu kinapotea, na sentensi inayopataja ndiyo ile niliyoidokeza mwanzoni.

Ili kuona umbo hili likiandikwa vizuri zaidi, niiache kofia niende kwenye sarafu. Septemba 2021, mtu mwenye ditekta katika shamba la Hemyock, huko Devon, aliokota peni ya dhahabu ya Mfalme Henry III. Sarafu hizo zilipigwa mwaka 1257, kiasi cha 52,000, na nyingi ziliyeyushwa kwa kuwa dhahabu iliyokuwamo ilizidi thamani ya peni 20 zilizopangiwa. Zinazojulikana leo ni 8 tu. Januari 2022 jumba la Spink liliiuza kwa nyundo ya pauni 540,000, na kwa ada ya asilimia 20 ikawa 648,000.

Maelezo ya sarafu adimu kwa kawaida hujengwa juu ya nasaba: ilikuwa ya mkusanyaji fulani, ikauzwa mwaka fulani, ikaingia kwa mwingine. Nasaba hiyo hufanya kazi mbili, kuthibitisha kwamba sarafu si ya bandia na kumpa mnunuzi heshima ya kuketi na waliomtangulia. Sarafu iliyotoka ardhini juzi haina nasaba. Waandishi wa habari za peni ya Hemyock walipata suluhisho ambalo naliona zuri kifasihi na safi kimaadili: wakalifanya shamba kuwa mmiliki wa kwanza. Walitaja mahali, wakaenda kwenye kumbukumbu za karne ya 13, wakamkuta bwana wa ardhi ile, John de Hyden, wakauliza kama sarafu ilipita mikononi mwake. Dhana hiyo haijathibitishwa, nao hawakudai imethibitishwa. Lakini tazama umbo lilivyobadilika: vitenzi vimerudi. Mfalme aliamuru, mfua dhahabu alipiga, mtu alipokea, mtu alidondosha. Mandhari imeingia katika maelezo, na haikushusha bei.

Kando ya nasaba kuna madaraja ya hali. Wakusanyaji wa Uingereza hupanga sarafu kuanzia iliyochakaa, kupitia nzuri, nzuri sana na bora, hadi isiyowahi kutumika, na upande wa kichwa unaweza kupewa daraja tofauti na upande wa pili. Hapa lugha hubanwa kama mizani ya shairi la kimapokeo, kila neno na nafasi yake. Sarafu za ditekta zinaumia kwenye daraja kwa sababu zake maalumu: jembe la trekta huzikunja, mbolea za kemikali huutafuna uso, na mwokotaji mwenye shauku huzisugua kwa brashi. Usuguaji ndio unaouma zaidi. Gamba la rangi lililojengeka juu ya shaba kwa karne nyingi ni sehemu ya sarafu, na likiondoka halirudishwi. Mwandishi mwaminifu huandika hivyo waziwazi. Mwandishi dhaifu hupaka kivumishi cha uzuri mahali palipohitaji kutajwa jeraha, na mnunuzi mzoefu hukisoma kivumishi hicho kama jeraha lisilotajwa, kisha hupunguza bei kuliko ambavyo jeraha lingeipunguza.

Vitu vingi, hata hivyo, si peni za dhahabu. Ni vifungo, vishikizo vya mikanda, risasi za mviringo za bunduki za kale, tondoo za washonaji, sarafu za shaba za Kirumi zilizolika hadi sura ya mfalme haionekani. Bei yake kila kimoja ni ndogo, basi huuzwa kwa jumla, mfuko mmoja, maelezo mafupi: vitu mchanganyiko, vya vipindi mbalimbali. Huo ndio uandishi unaoniumiza kuliko wote katika utanzu huu. Mashamba mengi yamegeuka mfuko mmoja. Kifungo cha shati kwenye njia iliyosahauliwa kinaweza kuonyesha gulio lilikuwa wapi, na vishikizo vitano katika pembe moja ya shamba vinaweza kuwa makaburi. Ndani ya mfuko havionyeshi chochote, na bei haikupanda hata kidogo kwa hasara hiyo.

Dawa ya ugonjwa huo ipo katika utanzu jirani. Mpango wa kuorodhesha vitu vilivyookotwa na umma, Portable Antiquities Scheme, ulianza kwa majaribio mwaka 1997, ukaenea Uingereza na Wales nzima mwaka 2003, na umeshaandika vitu zaidi ya milioni moja na nusu. Maandishi yake ni makavu: aina ya kitu, metali, vipimo kwa milimita, uzito kwa gramu, kipindi, mahali. Umma huonyeshwa eneo kwa ukadirio ili shamba lilindwe, na watafiti hupewa alama kamili. Hakuna vivumishi vya kupendeza. Mara nyingi nimeona maelezo ya mnada yakitaja namba ya kumbukumbu hiyo kwa fahari, na waandishi wake wana haki ya kuona fahari. Maandishi makavu yametoa ushahidi, na maandishi yenye mapambo yanauegemea. Mtu anayetaka kuuza vizuri angeanza huko, kabla hajatafuta kivumishi chochote.

Mwenendo wa kinyume uliwahi kufika mahakamani. Mwaka 2015, karibu na Leominster huko Herefordshire, watu wawili wenye ditekta walikuta hazina ya zama za Waviking, mapambo ya dhahabu na sarafu zinazokisiwa kufika 300, nyingine zikimwonyesha Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa pili wa Mercia kama watawala walio sawa. Hawakuitangaza. Wakaanza kuiuza kidogo kidogo, sarafu moja moja, kwa kuwa sarafu moja peke yake haikuwa hazina kisheria. Huo ulikuwa uandishi: hadithi moja ilikatwakatwa ili kila kipande kisomeke kama hadithi inayojitegemea. Picha zilizofutwa kwenye simu, zilizorudishwa na wataalamu wa polisi, zilionyesha hazina ikiwa bado pamoja. Walihukumiwa mwaka 2019, na sarafu zilizopatikana ni kama 30. Hata kwa hesabu za soko peke yake mpango ulikuwa mbovu, kwani uadimu ndio uliokuwa ukiuzwa, na mauzo ya kila sarafu yaliupunguza.

Msomaji wa pwani yetu ana sababu ya karibu ya kuyajali haya. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa hazina tarehe wala jina la mji. Zina jina la mtawala upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, na pande hizo mbili zinafungwa kwa vina, jambo la kupendeza katika sarafu ndogo kiasi kile. Kwa kuwa sarafu yenyewe haisemi imepigwa lini, tarehe yake hutegemea udongo ilimolala na vilivyolala pamoja nayo. Hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, ya mwaka 1984, yenye sarafu za fedha zaidi ya 2,000, iliwasaidia wataalamu kuirudisha nyuma tarehe ya Ali bin al-Hasan, mmoja wa masultani hao, kwa sababu ndani yake zilikuwamo pia dinari za kigeni zenye tarehe. Sarafu moja ya shaba ya sultani mwingine wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, ilipatikana Great Zimbabwe. Ikiuzwa bila mahali, ni kipande cha shaba chenye bei ndogo. Ikiwa na mahali, ni ushahidi wa biashara kati ya Kilwa na nchi ya dhahabu katika karne ya 14. Tanzania Bara inazilinda sarafu za namna hii kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na anayeziona mtandaoni zikiwa na maelezo ya mstari mmoja, bila kisiwa wala mwaka, anatazama sentensi iliyokatwa sehemu yake yenye thamani.

Huko Uingereza, sheria yenyewe imeanza kuhaririwa. Tangu Julai 2023, kitu chenye metali na umri wa miaka 200 au zaidi kinaweza kuwa hazina hata kama hakina dhahabu wala fedha, iwapo kina umuhimu wa kipekee kwa historia. Vigezo vilivyoandikwa ni uadimu wake, eneo kilipopatikana, na uhusiano wake na mtu au tukio fulani. Kofia ya Crosby Garrett ingepita kwa kigezo cha kwanza na cha pili. Maelezo yake ya kwanza yangeandikwa kwa ajili ya ofisa wa uchunguzi, vipande 67 vikiwa bado vimekunjwa, na mistari ya mwanzo ingetaja shamba. Makisio yangekuja baadaye, kutoka kwa kamati inayotafuta bei ambayo muuzaji aliye radhi angeipata kwa mnunuzi aliye radhi katika soko huria, na Tullie House wangekaa mezani kabla ya mtu mwingine yeyote.